Sentensi Mbili Zinazokaa Mbali: Uhakiki wa Tangazo la Kazi ya Mwalimu wa Haki Jinai

Tangazo la kazi halihesabiwi miongoni mwa maandishi yanayostahili uhakiki. Husomwa na mwenye kutafuta ajira, husomwa haraka, na nafasi ikishajazwa hutupwa. Lakini ukiyakusanya matangazo ya vyuo vikuu vya Marekani vinavyotafuta mwalimu wa haki jinai, yaani taaluma inayochunguza polisi, mahakama na magereza, utakuta yana umbo lenye masharti makali kama shairi la arudhi. Jina la idara na cheo hutangulia. Hufuata majukumu, maeneo ya ubobezi, sifa za lazima, sifa za ziada, nyaraka za kuambatisha na tarehe ya kuanza kupitia maombi. Mwishoni huja aya za sheria, ambazo wasomaji wengi huziruka. Msomaji aliyepitia machache tu anaweza kutabiri aya inayofuata kabla hajaifikia.

Umbo hili halina mtunzi mmoja. Limeundwa na kamati za idara, na wanasheria wa vyuo, na mabunge ya majimbo, na ugomvi wa karibu miaka mia moja kuhusu nani anafaa kufundisha mambo ya polisi na gereza. Kwa sababu hiyo linafaa kusomwa kwa makini kuliko maandishi mengine ya utawala. Pasipo na mtunzi wa kumuuliza alikusudia nini, mpangilio wa sehemu ndio unaotoa ushahidi. Nami nasema mpangilio huu una kasoro moja nzito, iliyomo katika sentensi mbili ambazo umbo limeziweka mbali moja na nyingine hata zisisomwe pamoja.

Tuanze na sauti. Mtendaji katika tangazo ni idara: idara inakaribisha maombi, idara inatafuta mwenzao mpya. Hakuna mtu anayesema. Mara baada ya hapo nafsi hubadilika, na anayezungumziwa ni mteuliwa: atafundisha kozi za shahada ya kwanza na za uzamili, atafanya utafiti na kuuchapisha, atawashauri wanafunzi, atahudumu katika kamati. Mtu huyu bado hajapatikana, hajahojiwa, pengine hajaliona tangazo lenyewe, lakini tayari amekwisha kupangiwa kazi kwa wakati ujao usio na masharti. Wakati ujao huo hufunika mambo ambayo kwa haki yangejadiliwa. Inaposemwa kwamba atafundisha kulingana na mahitaji ya idara, mahitaji hayo hayapewi idadi. Chuo kinachodai kozi nne kila muhula na kinachodai mbili vyote vinaweza kuandika sentensi ileile, ilhali tofauti yake ni ya maisha mawili: mmoja atapata nafasi ya kwenda gerezani kuzungumza na wafungwa na kuandika kitabu, mwingine atasahihisha mitihani mpaka miaka ya majaribio ikatike. Na miaka hiyo ina kikomo. Tamko la mwaka 1940 la chama cha maprofesa wa Marekani, ambalo vyuo vingi vinalifuata, liliweka muda wa majaribio usiozidi miaka saba kabla ya mtu kupewa ajira ya kudumu au kuonyeshwa mlango. Idadi ya kozi, basi, ni jambo la kwanza ambalo mwombaji anastahili kuambiwa.

Kuhusu mshahara, umbo lilikuwa na kanuni yake: mshahara utalingana na sifa na uzoefu. Sentensi hiyo ilirithiwa kwa miongo mingi, hata watu wakaamini kwamba kunyamazia fedha ni adabu ya uandishi wa kitaaluma. Kisha sheria zikaja. Jimbo la Colorado liliwalazimisha waajiri kutaja kiwango cha malipo kuanzia Januari 2021, jiji la New York kuanzia Novemba 2022, California kuanzia Januari 2023. Tarakimu zikaingia katika matangazo, na hakuna adabu iliyovunjika. Nalitaja hili mapema kwa sababu ni ushahidi kwamba umbo la tangazo hubadilika likishurutishwa, na kwamba kinachoitwa desturi mara nyingi ni faida ya upande mmoja iliyozoeleka.

Sehemu iliyonishughulisha zaidi ni orodha ya maeneo ya ubobezi. Idara husema inampokea mtaalamu wa eneo lolote, kisha hutaja mifano: upolisi, mahakama, magereza na urekebishaji, haki ya watoto wakosefu, uhalifu wa mtandaoni, usalama wa taifa, uchunguzi wa kisayansi wa ushahidi. Orodha inajitangaza kuwa wazi kwa wote. Itazame mpangilio wake, hata hivyo. Vipengele vitatu vya mwanzo, mara nyingi kwa utaratibu uleule, ni njia anayopitishwa mshtakiwa: anakamatwa, anahukumiwa, anafungwa. Njia hii ilichorwa waziwazi katika ripoti ya Februari 1967 ya tume iliyoundwa na Rais Lyndon Johnson mwaka 1965 kuchunguza utekelezaji wa sheria na utoaji wa haki. Ndani yake mna mchoro mmoja mashuhuri: uhalifu unaingia upande wa kushoto, unapita kwa polisi, kwa waendesha mashtaka na mahakamani, na unatokea kulia katika magereza na uangalizi wa nje, huku mistari ikizidi kuwa myembamba kadiri kesi zinavyodondoka njiani. Vitabu vya kiada vimeuchapisha mchoro huo tena na tena. Kozi zilipangwa kwa kuufuata, na nafasi za kazi zikapangwa kwa kuzifuata kozi.

Vipengele vya baadaye vimeongezwa mkiani. Usalama wa taifa ulipata nguvu baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Uhalifu wa mtandaoni ukafuata maisha yalipohamia kwenye kompyuta. Orodha huongezwa, haipangwi upya. Kila kipengele kilichomo kina ofisi yake nje ya chuo, wafanyakazi wake na bajeti yake: kituo cha polisi, mahakama, idara ya magereza, wizara. Kisicho na ofisi hakina nafasi katika orodha. Mama anayesafiri usiku kucha kwenda kumwona mwanawe gerezani ni sehemu ya haki jinai. Faini isiyolipika inayomrudisha maskini kizimbani nayo ni sehemu yake, pamoja na hofu ya mtaa ambao polisi huufikia kwa kuchelewa au huufikia kwa nguvu kupita kiasi. Mtafiti wa mambo haya anaweza kuomba kazi, lakini itambidi ajitafsiri kwanza kwa lugha ya ofisi mojawapo. Orodha iliyo wazi kwa wote imemwekea kazi ambayo mtaalamu wa upolisi hapewi.

Ili kuielewa sehemu ya sifa za mwombaji, lazima turudi Berkeley, California. August Vollmer alichaguliwa kuwa mkuu wa usalama wa mji huo mwaka 1905, akawa mkuu wake wa kwanza wa polisi mwaka 1909. Alianzisha shule ya mafunzo kwa askari wake na kushikilia kwamba askari anapaswa kwenda chuo kikuu. Mwaka 1929 yeye mwenyewe alipata uprofesa katika Chuo Kikuu cha Chicago, kisha akarudi kufundisha Berkeley. Hakuwa na shahada hata moja. Mwanafunzi wake, O. W. Wilson, aliyewahi kuongoza polisi wa Wichita, alikuwa mkuu wa Shule ya Kriminolojia ya Berkeley tangu 1950, na mwaka 1960 akaondoka kwenda kuongoza polisi wa Chicago. Katika kizazi hicho uaskari wenyewe ulikuwa sifa ya uprofesa, na mtu aliweza kutoka kituoni kwenda darasani na kurudi kituoni bila kubadilisha njia.

Shule hiyohiyo baadaye ilijaa walimu na wanafunzi waliohoji polisi na gereza kutoka chini. Mmoja wao, Tony Platt, alinyimwa ajira ya kudumu, na mwaka 1976 chuo kikaifunga shule nzima. Wakati Berkeley ilipokuwa ikifungwa, kwingineko nchini taaluma ilikuwa ikienea kwa kasi. Sheria ya mwaka 1968 ya kudhibiti uhalifu ilileta fedha za serikali kuu za kuwasomesha askari, na vyuo vikafungua programu za kuwapokea. Walimu walitoka wapi? Wengi walitoka polisi. Mwaka 1978 tume iliyoongozwa kiutafiti na Lawrence Sherman ilitoa ripoti kali juu ya ubora wa elimu hiyo, ikitaka walimu wenye elimu pana zaidi. Kuhusu uzoefu wa kazi msimamo wake ulikuwa wa haki: kuwahi kufanya kazi katika vyombo vya haki jinai kusiwe sharti la kuajiriwa ualimu, wala kusiwe kikwazo.

Sasa soma sifa za lazima za leo. Shahada ya uzamivu katika haki jinai, kriminolojia au fani ya karibu. Anayekaribia kumaliza tasnifu huruhusiwa kuomba. Matangazo mengi huongeza kwamba shahada ya sheria peke yake haitoshi. Sentensi hii ya shahada ya sheria ina historia ndani yake: taaluma changa inajitenga na jirani mkubwa, inasema hatufundishi vifungu vya sheria tu, tunachunguza jinsi sheria inavyofanya kazi. Naiheshimu. Vollmer asingepita katika mlango huu, na hilo ni sawa, kwa kuwa ualimu wa chuo kikuu unahitaji mtu aliyefunzwa kuchunguza na kushuku, hata kushuku yale aliyoyaona kwa macho yake.

Lakini shuka hadi sifa za ziada. Hapo ndipo inapokaa sentensi ya kwanza kati ya zile mbili: mwenye uzoefu wa kazi katika mfumo wa haki jinai atapewa kipaumbele. Imewekwa chini, kwa sauti ya upole, baada ya rekodi ya ufundishaji na uwezo wa kuvutia fedha za utafiti. Kisarufi hailazimishi kitu. Kivitendo ndiyo iliyouhifadhi mlango wa Vollmer. Askari mstaafu aliyepata uzamivu anaisoma na kujiona. Mwendesha mashtaka anajiona. Ofisa wa magereza anajiona. Wala si vibaya. Mwalimu aliyewahi kuandika ripoti ya ukamataji saa tisa za usiku anajua jambo ambalo msomaji wa takwimu halijui, na wanafunzi, ambao wengi wao wanataka kuingia katika kazi hizo, wanalihitaji jambo hilo.

Sentensi ya pili iko mbali, katika aya za mwisho, kwa herufi ambazo wakati mwingine ni ndogo zaidi: uteuzi utategemea matokeo ya upekuzi wa historia ya mwombaji, ikiwemo rekodi ya jinai. Lugha imebadilika. Idara iliyokuwa ikikaribisha imetoweka, na anayesema sasa ni ofisi ya rasilimali watu ya chuo kizima, kwa maneno yaleyale inayoyatumia ikimtafuta mhasibu au mtunza bustani. Kati ya sentensi hizi mbili kuna orodha ya nyaraka, majina ya wadhamini, tarehe, na sifa za mji wenye hewa nzuri. Msomaji wa kawaida hazioni kama jozi.

Zisome pamoja. Ya kwanza inasema: kuujua mfumo wa haki jinai kwa mwili wako ni faida. Ya pili inasema: ikiwa umeujua kwa mwili wako, tutakuchunguza. Zote mbili ni za kweli kwa wakati mmoja kwa sababu umbo limekwisha kuamua, bila kutamka popote, kwamba uzoefu ni wa yule aliyeshika funguo. Aliyefungiwa ndani hana uzoefu, ana rekodi. Hiyo ndiyo kasoro niliyosema. Haitokani na nia mbaya ya mjumbe yeyote wa kamati. Inatokana na namna aya mbili, moja ya idara na moja ya utawala, zilivyobandikwa katika karatasi moja bila mtu kuziuliza zinaambiana nini.

Historia ya taaluma hii ina mtu anayeionyesha hasara yake. John Irwin alifungwa miaka mitano katika gereza la Soledad, California, kwa kosa la unyang'anyi wa kutumia silaha. Alipotoka alisoma hadi akapata uzamivu wa sosholojia Berkeley, akafundisha San Francisco State kwa zaidi ya miongo miwili, na kitabu chake cha 1970 kuhusu maisha ya mfungwa na mapito yake baada ya kutoka kikawa nguzo ya utafiti wa magereza. Mwaka 1967 alianzisha chuoni hapo mpango unaoitwa Project Rebound wa kuwasaidia waliotoka gerezani kuingia chuo kikuu, mpango ambao sasa umesambaa katika kampasi nyingi za chuo kikuu cha jimbo hilo. Baadaye wasomi wengine waliowahi kufungwa walijikusanya chini ya jina la kriminolojia ya wafungwa, na mwaka 2003 wakatoa mkusanyo wa makala ulioitangaza shule hiyo ya fikra. Irwin alifariki mwaka 2010. Nikiweka wasifu wake juu ya tangazo la leo, sifa za lazima anazo zote. Sifa ya ziada kuhusu uzoefu, hakuna ajuaye kama ingemhesabia miaka ya Soledad. Aya ya upekuzi ingemsubiri.

Najua jibu la vyuo, nalo lina uzito. Chuo kina vijana, kina mabweni, kina wajibu wa kuwalinda, na kuna makosa ambayo hayapaswi kumfuata mwanafunzi darasani. Sikatai upekuzi. Ninachokataa ni ukimya wa sentensi yake. Tume ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia usawa katika ajira ilitoa mwongozo mwaka 2012 unaowataka waajiri kupima mambo matatu: kosa lilikuwa la aina gani na zito kiasi gani, muda gani umepita, na kazi yenyewe ni ya namna gani. California nayo tangu Januari 2018 inamzuia mwajiri kuuliza habari za hukumu kabla ya kutoa ahadi ya ajira yenye masharti. Vigezo vipo na vimeandikwa. Kuviweka katika tangazo kungehitaji mistari mitatu, pungufu ya nafasi inayotumika kusifu umbali wa chuo hadi milimani. Bila mistari hiyo, mwenye hatia ya miaka ishirini iliyopita hujihukumu mwenyewe na haombi, na kamati haitajua kamwe ni nani iliyemkosa.

Msomaji wa Kenya anaweza kuilinganisha hali hii na anayoijua. Huko mwombaji wa kazi ya umma huombwa mara nyingi alete mwenyewe cheti cha mwenendo mwema kutoka idara ya upelelezi, pamoja na vibali vya mamlaka ya kodi, bodi ya mikopo ya elimu ya juu na tume ya maadili. Mzigo wa kujisafisha umewekwa mlangoni na juu ya mabega ya mwombaji. Marekani umewekwa mwishoni na mikononi mwa mwajiri. Mpangilio wa Marekani una huruma kidogo zaidi, kwani mtu husikilizwa kwanza kama msomi, lakini nao pia haumwambii atapimwaje.

Aya mbili za mwisho zastahili neno. Tamko la usawa, linalosema chuo hakibagui, lina mizizi katika sheria ya haki za kiraia ya 1964 na amri ya Rais Johnson ya Septemba 1965 iliyowabana wenye mikataba ya serikali kuu. Amri hiyo ilifutwa Januari 2025. Texas ilikuwa imekwisha kuvikataza vyuo vyake vya umma, kuanzia Januari 2024, kumdai mwombaji maelezo ya mchango wake katika ujumuishi. Hivyo aya iliyodhaniwa kuwa ya kudumu imekatwa, imefupishwa, na kwingine imegeuzwa. Anayetaka kujua siasa za jimbo asome mkia wa tangazo. Nyingine ni taarifa ya takwimu za uhalifu wa kampasi, inayotakiwa na sheria ya mwaka 1990 iliyopewa jina la Jeanne Clery, mwanafunzi aliyeuawa bwenini katika Chuo Kikuu cha Lehigh mwaka 1986. Wazazi wake walipigania wanafunzi na wafanyakazi watarajiwa wajulishwe hatari kabla hawajafika. Katika tangazo lote, hapo ndipo mahali pekee ambapo mwathirika wa uhalifu ametajwa, naye yumo kwa sababu familia yake ililazimisha.

Nauelekeza wito wangu kwa wanaoandika matangazo haya, pamoja na walio kwetu, maana kriminolojia sasa inafundishwa pia Afrika Mashariki, kwa mfano Chuo Kikuu cha Masinde Muliro huko Kakamega, na kamati zetu zinaweza kunakili umbo hili pamoja na kasoro yake. Taja idadi ya kozi. Taja mshahara. Ondoa sentensi ya uzoefu kama ilivyo na uandike hii: idara inathamini ujuzi wa mfumo wa haki jinai uliopatikana kwa kuufanyia kazi, kwa kuathiriwa na uhalifu, au kwa kuwahi kushtakiwa na kufungwa. Chini yake papo hapo, katika aya ileile, eleza upekuzi utafanywa lini, utapima nini, na mwombaji atapewa nafasi gani ya kujieleza kabla uamuzi haujatolewa.